Viti vya Pweza Sebuleni Kawe

Nilifika kwenye msiba wa Mzee Ngailo siku ya pili, baada ya kazi, nikaketi sebuleni kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, kwa kuwa makochi yote yalikuwa yametolewa nje. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi nyingine na dari lilikuwa jipya, lakini chini ya dirisha sakafu bado ilikuwa na alama nne za mraba, mahali iliposimama kwa miaka mingi miguu ya meza ya chuma. Nilikuwa nazitazama alama hizo niliposikia mama mmoja nyuma yangu akimsimulia mwenzake habari za tangi la marehemu. “Alikuwaga na bahari humu ndani, wewe. Samaki, matumbawe, kila kitu. Kisha akapanga humu binti mmoja wa Kusini, akaleta jiwe lake kutoka kwao, matumbawe yakaanza kufa.” Mwenzake akauliza, “Alilifanyia nini hilo jiwe?” “Nani ajuaye. Wale wana mambo yao.” Niligeuka, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba haikuwa hivyo, na kwamba mimi nilikuwa nikiishi hapa. Alinitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mfiwa aliyechanganyikiwa, akasema, “Pole sana, mwanangu,” akanisogezea chupa ya chai. Tangu mambo ya tangi hilo imepita miaka zaidi ya ishirini. Naandika sura hii kwa sababu ya maneno yale.

Nilikotoka, na namna nilivyofika Dar es Salaam, sitavieleza, kwa kuwa havikuamua jambo lolote katika mwaka ninaousimulia. Yatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nauza katika duka la dawa hapo Kawe, na nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwa Mzee Ngailo, chumba nilichogawana na Somoe. Kilikuwa na vitanda viwili, meza moja, na dirisha lililotazama jikoni kwa Mama Ngailo, kwa hiyo tulijua chakula cha nyumba kubwa kabla hakijaiva: harufu ya viazi mviringo vilivyotumwa kutoka Njombe kwa gunia, harufu ya kitunguu kikiungua kidogo Jumamosi, harufu ya maharage ambayo ilianza saa nne asubuhi na kukaa kwenye mapazia hadi kesho yake. Somoe alikuwa fundi cherehani kutoka Lindi, amenizidi mwaka mmoja, mrefu, mwepesi wa maneno. Mama Ngailo alikuwa amempa kibaraza cha mbele aweke cherehani yake bila kodi, kwa makubaliano kwamba angemshonea sare za kwaya. Wateja walimzoea pale. Walikuja na kitenge begani, wakakaa kwenye ngazi, wakazungumza kuliko walivyopimwa. Somoe hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Kile kibaraza cha hatua nne kwa tatu ndicho kilichomweka Dar. Siku ambayo angekikosa ingemlazimu aanze upya kwa watu wasiomjua.

Mzee Ngailo alikuwa amestaafu ukarani bandarini. Hakujua kuogelea, na katika miaka yote ya kuhesabu mizigo gatini sidhani kama maji yaliwahi kumpita vifundo vya miguu. Bahari yake ilikuwa ile ya sebuleni, tangi la kioo la lita kama mia mbili na hamsini, aliloachiwa, pamoja na maelekezo ya mdomo ya namna ya kulitunza, na mgeni mmoja aliyerudi kwao. Ndani yake palikuwa na mawe yenye matundu, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na kamba mdogo mwenye aibu. Juu ya mawe yalienea matumbawe laini ya kijani ambayo Mzee aliyaita vifungo, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa duara lenye ukingo wa nyuzi, ukubwa wa kifungo cha koti. Taa ilipowashwa asubuhi vilifunguka kimoja baada ya kingine, polepole kiasi kwamba hukuweza kukiona kikifunguka. Ulichoweza ni kuondoa macho, ukayarudisha, ukakuta kimefunguka. Saa nane mchana, mapazia yakiwa yamefungwa kwa ajili ya joto, sebule yote ilikuwa chini ya maji. Mwanga ulitikisika darini, juu ya picha ya harusi, juu ya vitambaa vya makochi, juu ya mikono yetu. Pampu iliguruma kwa sauti ndogo isiyobadilika. Jumapili tulialikwa kula pale, na nakumbuka namna mazungumzo yalivyopungua yenyewe, hata ya Somoe, na vijiko vikasikika. Tangu wakati ule nimekaa katika vyumba vingi vizuri zaidi, lakini bado nikitaka kulala mchana huwa najaribu kwanza kuikumbuka ile sauti ya pampu.

Umeme ulikuwa wa mgao mwaka ule. Ukikatika, pampu ilinyamaza, na Mzee alituita wote kwa majina. Maji yasipotikisika, alisema, samaki wanakosa hewa. Tulisimama kwa zamu mbele ya tangi, tukachota kwa jagi, tukainua hadi usawa wa bega, tukamimina, tukachota tena. “Kwa watu umeme ukikatika wanatafuta mshumaa,” alisema Mama Ngailo, mikono yake imelowa hadi viwiko. “Sie tunatafuta jagi.” Somoe alimimina kwa mdundo, akisogeza nyonga kidogo, na Mzee akajifanya haoni. Mimi nilimimina nikihesabu. Dakika tano ziliingia majagi sitini. Nilikuwa na daftari la jambo hilo. Nilikuwa na daftari la kila jambo. Nilikuwa nimekosa nafasi ya chuo, nikaamua kwamba kitakachobaki nitajifundisha mwenyewe kwa kuangalia na kuandika, na tangi lile lilikuwa mwalimu wangu. Somoe aliniita karani wa viumbe.

Baada ya Idi Somoe alikwenda kwao Lindi kwa wiki mbili. Mtu harudi safari mikono mitupu, na mama yake, ambaye alikuwa mmoja wa wanawake wanaochokoa pweza mwambani maji yakitoka, alikuwa ameshasikia habari za mwenye nyumba anayefuga bahari. Alimpa Mama Ngailo korosho na pweza mkavu. Mzee yeye alitumiwa jiwe. Lilikuwa na ukubwa wa papai, zito, lenye rangi ya waridi iliyofifia, na lilisafiri katika ndoo yenye maji ya chumvi, limefunikwa gunia bichi, miguuni pa Somoe safari nzima. Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Aliligeuza, akalinusa, akasema, “Mwambie mama, mtu wa Njombe anashukuru.” Akaliweka mbele kabisa, karibu na kioo. Chakula cha siku ile kilikuwa wali wa nazi na yule pweza, na Somoe alisimama jikoni akimwelekeza Mama Ngailo kwamba mkavu huloweshwa kwanza, huku Mama Ngailo akijibu kwamba ameanza kupika kabla Somoe hajazaliwa, na akimlowesha hivyo hivyo.

Majuma machache baadaye goti la Mzee lilivimba, akashindwa kusimama muda mrefu, na macho yake nayo yalikuwa yameanza ukungu. Alinikabidhi kazi ya tangi. Alinieleza akiwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Kila Jumamosi nitoe ndoo mbili za maji ya zamani, nilete ndoo mbili mpya kutoka ufukweni. Siku nyingine, maji yakishuka kwa ajili ya joto, nijazie hadi kwenye mstari, nikichota katika pipa lililokuwa nyuma ya nyumba. Pipa lile lilikuwa la maji ya mvua. Niliitikia, nikaandika, kisha nikakaa na jambo hilo kwa siku mbili. Nilifikiri hivi: hawa ni viumbe vya bahari, maji ya mvua hayana chumvi, kila jagi la mvua linaipunguza bahari. Nikaona Mzee anakosea, na kwamba mgeni yule alimweleza vibaya au hakusikilizwa vizuri. Kwa kuwa sikutaka kumvunjia heshima, sikumwambia. Nilianza kuleta ndoo ya tatu Jumamosi, nikaificha kivulini nyuma ya pipa, na kila asubuhi kabla ya kazi nikajazia maji ya bahari. Nilijisikia mwangalifu. Kutoka ufukweni hadi nyumbani ni mwendo wa robo saa, na ndoo ile ya ziada niliibeba kwa furaha, kama mtu anayetoa sadaka asiyotaka ionekane.

Siku moja niliona kwenye kioo kitu kama punje ya mchele iliyopasuka. Nilileta kioo cha kukuzia kutoka dukani. Ilikuwa na mikono. Kilikuwa kidude cha kijivu chenye madoa, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na mikono yake haikulingana: mitatu mirefu, mitatu mifupi, kama kilichoshonwa na mtu aliyeishiwa kitambaa. Mzee alifurahi, akaviita vinyota. Somoe aliinama, akatazama, akasema, “Viti vya pweza hivyo. Kwetu vipo tele, vikubwa kama sahani. Hivi ni vitoto, au ni vya aina ya kutokua.” Vilikuwa vitatu. Wiki iliyofuata vilikuwa saba. Nilianza ukurasa mpya. Asubuhi moja ya mapumziko nilikuta kimoja kimejishika kiooni kwa pande mbili zinazovutana. Nilikaa mbele yake na chai yangu. Nusu moja ilikwenda kushoto, nusu kulia, na katikati paliendelea kuwa pembamba, bila damu, bila haraka, hadi adhuhuri palipobaki uzi, na uzi ukaisha. Kila nusu ilikaa pale kidogo, kisha ikaendelea na safari yake kana kwamba haikumfahamu mwenzake. Mama Ngailo alipita na ufagio, akasimama. “Ndivyo vinavyozaa?” “Ndivyo, mama.” “Bila mume?” “Bila mume.” “Heri yao,” akasema, akaendelea kufagia.

Vilipofika arobaini, vifungo vilianza kufunga. Kwanza vile vya pembeni, asubuhi moja havikuitikia taa. Kisha kundi zima la upande wa dirisha lilinywea, likawa kama ngozi ya tende. Baada ya mwezi mmoja robo ya lile zulia la kijani lilikuwa limegeuka kahawia, na juu ya kahawia, kila nilipotazama, vilikuwa viti vya pweza, vimejikunja pembezoni mwa kila kidonda. Niliandika. Mkono wa kushoto wa ukurasa idadi yao, mkono wa kulia idadi ya vifungo vilivyofunguka. Upande mmoja ulipanda, mwingine ulishuka. Sikuwahi kuwa na ukurasa nadhifu kama ule. Viti vya pweza nilivitoa kwa kibano cha dukani, kumi, ishirini kwa siku, nikaviweka kwenye kifuniko cha chupa juani, lakini kufikia Jumamosi vilikuwa vimerudi. Mzee alikuwa anakaa karibu kabisa na kioo sasa, kwa ajili ya macho yake, akiuliza, “Na vile vya kulia, Atu? Vimefunguka?” Nikamjibu ukweli, kwa nambari.

Sijui neno lilianzia wapi. Nililisikia mara ya kwanza kupitia dirisha letu, Mama Ngailo akizungumza jikoni na Mama Aisha, jirani na mteja wa Somoe. “Lile jiwe,” alisema Mama Aisha, “lilikuja na nini?” “Lilikuja na vidude.” “Vidude tu?” Kisu kiliendelea kukata mchicha. “Mie simsemi mtoto wa watu,” akasema Mama Ngailo. “Nasema tu kabla ya jiwe tulikuwa salama. Baba Ngailo goti nalo lilianza baada ya jiwe.” “Mwenzangu,” akasema Mama Aisha, na hakumalizia. Somoe alikuwa kitandani mwake akipindisha pindo. Alisikia kama nilivyosikia. Aliendelea kushona hadi mwisho wa uzi, kisha akaniambia taratibu, “Atu, wewe ndiye unayeangalia kila siku. Vile viti vinaramba tu, havina meno. Ukimwona nzi kwenye kidonda utasema nzi ndiye aliyemkata mtu?” Nilimwambia kwamba nzi huja baada ya kidonda, lakini hivi vilitangulia, na kwamba hesabu zinaonyesha. “Hesabu,” akasema. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anayepima nguo akagundua futi imekosewa.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, Mzee aliomba nilete daftari nisome. Tulikuwa wanne, mwanga wa maji ukitembea juu ya sahani ambazo hazijaondolewa. Nilisoma tarehe ya jiwe. Nilisoma viti vitatu, saba, kumi na tisa, arobaini na kuendelea. Nilisoma vifungo mia mbili na kitu, mia na themanini, mia na ishirini. Nilisoma vizuri, kwa sauti ya darasani, na nakiri kwamba kwa dakika zile nilikuwa na furaha. Hakuna aliyekuwa ameniomba nisome chochote kwa watu wazima kabla ya hapo. Nilipomaliza Mzee aligeukia tangi. “Kwa hiyo ni jiwe,” akasema. “Ndivyo inavyoonekana, baba,” nikajibu. Somoe alisimama, akakusanya sahani, moja juu ya nyingine, akazipeleka jikoni. Nililitoa jiwe jioni ile ile. Nilifikiri mambo yameishia kwenye jiwe. Wiki hiyo Mama Ngailo alimwambia Somoe, kwa maneno mazuri sana, kwamba wanataka kukipaka rangi kibaraza, asogeze cherehani kwa muda. Hakuna aliyenunua rangi. Somoe hakuuliza muda gani. Alipakia cherehani na sanduku lake la nguo kwenye mkokoteni Jumatano asubuhi, nikiwa natoka kwenda kazini, akaniambia amepata nafasi Tandika kwa mafundi wenzake. Nikamwambia nitakuja kumtembelea. “Njoo na daftari,” akasema, akatabasamu, na mkokoteni ukaondoka.

Vifungo viliendelea kufa. Hilo lingetosha kunifundisha, lakini nilijieleza kwamba viti vilivyobaki bado vinaendelea na kazi yao. Kilichonifungua macho ni maharage. Mama Ngailo alikuwa anakwenda mazoezi ya kwaya, akaniachia chungu. “Yakikaukiwa ongeza maji,” alisema akijifunga kitambaa. “Lakini chukua maji matupu. Usiongeze yale niliyochemshia viazi, yana chumvi. Ya maharage nimeshatia, imo humo humo, yanayopaa ni maji tu.” Akaenda. Nilibaki na mwiko. Nililijua jambo lile. Nililisoma kidato cha kwanza, nikalichorea mchoro, nikapata alama zote. Lakini halikuwahi kutoka kwenye mchoro ule. Niliketi kwenye kigoda, mvuke ukipanda mbele yangu mweupe hadi kwenye bati, na nikaona, kwa namna mtu anavyoona ndotoni kitu kimoja kikiwa viwili, kwamba yale pia yalikuwa tangi, na kwamba kwa miezi minne kila asubuhi nilikuwa nikiongeza chumvi juu ya chumvi. Maharage yaliungua kidogo chini.

Sikukubali hadi nipime. Nilichukua mrija wa soda, nikauziba chini kwa nta ya mshumaa, nikatia ndani vipande vya msumari hadi ukaelea wima. Niliuelesha katika maji mapya ya ufukweni, nikaweka alama ya wino kwenye usawa wa maji. Kisha nikauelesha katika tangi. Alama ilisimama juu ya maji kwa kiasi pungufu kidogo ya unene wa njiti ya kiberiti. Nilirudia mara tano. Maji ya tangi yalikuwa mazito kuliko bahari. Ndoo iliyokuwa nyuma ya pipa niliimwaga kwenye migomba, na tangu siku ile nikajazia maji ya mvua, kama nilivyoagizwa tangu mwanzo, na sikumwambia mtu. Nataka nieleze sehemu hii bila kuipamba. Nilijiambia kwanza nione kama itasaidia. Ilisaidia. Wiki ya tatu kifungo kimoja cha upande wa dirisha kilifunguka nusu. Wiki ya tano vilikuwa kumi na vinne. Viti vya pweza navyo vilipungua, kwa kuwa hapakuwa tena na nyama iliyokufa ya kuramba. Na Mama Ngailo, akiwa amesimama mbele ya kioo na jirani, mwanga wa kijani usoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyepumua, “Unaona? Tangu ametoka.” Mama Aisha akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nyuma yao na jagi la maji ya mvua. Kila kifungo nilichokifufua kilikuwa kinatoa ushahidi dhidi ya Somoe.

Nilimwambia Mzee siku iliyofuata, mchana, Mama Ngailo akikunja nguo mlangoni. “Baba, naomba niseme. Tangu uliponikabidhi tangi nilikuwa najazia maji ya bahari.” “Badala ya ya pipa?” “Ndiyo.” “Kwa nini?” “Niliona unakosea.” Nilimweleza kuhusu mvuke na chumvi, nikamwonyesha mrija. Aliushika karibu na jicho, akaugeuza. “Mie mwenyewe sikujua sababu,” alisema. “Mgeni alisema mvua, nikatia mvua.” Kisha akasema, “Kwa hiyo nilikuwa sawa,” na uso wake ukafunguka kwa furaha ya kweli, ya kitoto, kwa muda wa pumzi mbili. Halafu ikaondoka. Mlangoni Mama Ngailo alikuwa ameacha kukunja. “Na yule mtoto wa watu,” akasema, “tuliyemtoa kibarazani?” Pampu iliendelea. Akaweka nguo chini, akaniambia, “Nenda ukamwambie arudi. Mwambie mama ndiye anayemwita.”

Somoe alikuwa Tandika, chini ya bati lililotoka kwenye duka la vitambaa, wa nne katika safu ya mafundi sita, wanaume watano na yeye. Mguu wake haukusimama aliponiona. “Shoga,” akasema, “umepotea au umetumwa?” “Nimekuja mwenyewe. Na nimetumwa.” Akanisogezea stuli. Nilisema yote, nikiyapandisha juu ya kelele za cherehani, na nilipofika kwenye maharage fundi wa jirani naye alikuwa anasikiliza. Somoe alikata uzi kwa meno. “Kwa hiyo ni wewe.” “Ni mie.” “Na lile daftari?” “Hesabu zilikuwa sahihi, ila nilihesabu kitu kisichohusika.” “Sema Kiswahili.” “Nilikosea.” “Haya.” Aliingiza uzi kwenye sindano, mara ya kwanza ukapita pembeni, mara ya pili ukaingia. “Mama anasema urudi,” nikasema. “Kibaraza kipo.” “Kimepakwa rangi?” “Hakijapakwa.” Fundi wa jirani alicheka. Somoe hakucheka.

“Atu, kibaraza hakikunifukuza,” alisema. “Wateja waliacha kuja kabla sijatoka. Mama Aisha alifuata kitambaa chake, sijakikata hata. Alikikunja, kisha akakinusa. Mbele yangu. Kama kimelala na maiti. Sasa nirudi nikamshonee nani?” Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimefikiria nyumba, kana kwamba neno hukaa ndani ya nyumba lilimoanzia. Nilimuuliza nifanye nini. “Wewe si mtu wa orodha? Nikupe majina.” Nilitoa kalamu. “Rudisha,” akasema. “Ukiandika utaona umeshamaliza. Kariri.” Alinitajia wanawake tisa wa Kawe, mmoja mmoja, na nyumba zao, akanirudisha mwanzo nilipokosea, mara tatu, kama mtoto wa chuo mbele ya ustadhi wake, huku mguu wake ukiendelea. Mara ya nne nilipita hadi mwisho. “Haya, nenda,” akasema. “Kurudi au kutorudi nitajua mwenyewe.”

Nilikwenda kwa Jumapili mbili. Nilipiga hodi, nikaketi nilipoonyeshwa, nikasalimia, nikasema nilichokuja kusema. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, sikuikuta. Mmoja alinipa maji ya kunywa, akaniuliza kama dawa ya kikohozi imefika dukani. Mwingine alisema yeye hakuwahi kuamini, na macho yake yakaenda kwenye kanga iliyoanikwa. Walichokuwa wamesahau karibu wote ni matumbawe. “Matumbawe gani?” waliuliza, nikaanza kueleza tangi, maji, chumvi, na nilipolitaja jina la Somoe wakasema mara moja, “Ah, yule mwenye mambo.” Jiwe lilikuwa limeshasahaulika, goti lilikuwa limepona, na neno lilikuwa limebaki peke yake, bila kitu cha kuliegemea, na bado limesimama.

Wa tisa alikuwa Mama Aisha. Alikuwa uani kwake na dada zake wawili na mkwewe, wakichagua mchele kwenye nyungo, jua la alasiri limejaa vumbi la pumba kiasi kwamba nyuso zao zilionekana kwa mbali kidogo ingawa nilikuwa karibu. Niliwaamkia shikamoo wale wakubwa, nikasimama, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niketi. Nilianza na tangi, kama nilivyofanya kwa wengine, na kabla sijafika kwenye chumvi nikaona vidole vyao vimerudi kwenye mchele. Nikaacha. Nikaanza upya. Nikasema, “Somoe, yule fundi wa kibarazani kwa Mzee Ngailo, hakufanya kitu. Aliyeyaua matumbawe ni mimi. Nilitia maji yasiyofaa, akaondoka na lawama yangu, na nilipojua nikanyamaza.” Vidole vikatulia. Mama Aisha aliweka ungo mapajani, akanitazama kwa muda, wala si kwa ubaya. “Sema na jina lako,” akasema, “ili tukimsimulia mtu tusikosee.” Nikalitaja jina langu, na la baba yangu.